Nani Huitwa Mwanamke, Nani Huitwa Mwanamume? Muhadhara wa Ramadhani 1447H

Maandishi ya muhadhara uliotolewa mbele ya jumuiya yetu hapa Uingereza baada ya sala ya tarawehe. Yamenukuliwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa, na marudio yamepunguzwa.

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha usiku huu tukiwa wazima, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, Swalla Allahu alayhi wasallam, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu: kama ilivyo desturi yetu kila Ramadhani, sanduku la maswali limewekwa mlangoni, na kila atakaye huandika swali lake bila ya kutaja jina. Mwaka huu maswali mengi yalihusu zaka, kuna ya mikopo ya nyumba, na kuna ya saa za kufunga. Karatasi moja ilikuwa na maandishi machache tu. Mama mmoja ameandika hivi: "Mwanangu ana miaka kumi na tisa. Ameniambia kwamba jinsia aliyozaliwa nayo si yake. Sasa haji tena msikitini wala halali nyumbani. Nimwambie nini?"

Tulipoisoma karatasi hii mara ya pili, tuligundua jambo. Hatujui kama mama huyu anazungumza juu ya binti au juu ya mtoto wa kiume. Ameandika "mwanangu", ameandika "ameniambia", na Kiswahili hakikumlazimisha kusema zaidi ya hapo. Angeandika kwa Kiingereza, asingevuka sentensi ya pili kabla ya kuchagua upande. Mtoto wake anaishi ndani ya lugha hiyo ya pili, shuleni, kazini na kwa daktari, na huko huulizwa kila siku upande wake ni upi.

Usiku huu hatutoi fatwa. Fatwa ina watu wake, na suala la mtu mmoja huamuliwa kwa kumsikiliza mtu huyo. Tutakalofanya ni kueleza swali lenyewe: watu wanaposhindana juu ya maana ya maneno "mwanamke" na "mwanamume", hasa wanashindania nini? Wanafalsafa wamelishughulikia swali hili kwa makini zaidi kuliko magazeti, na mafakihi wetu wa zamani walikutana na sehemu yake karne nyingi zilizopita. Tukizielewa hoja za pande zote, huenda tukajua lipi la kumwambia mwana na lipi la kunyamazia.

Tuanze na istilahi mbili, kwa kuwa huchanganywa sana. Huntha ni mtu ambaye mwili wake wenyewe una utata wa maumbile ya kike na ya kiume tangu kuzaliwa. Watu hao wapo, wala si hadithi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, na ikaandika watu 1,524. Transjenda ni neno jingine. Ni mtu ambaye kwa kawaida mwili wake hauna utata wowote, lakini jinsia anayojitambua nayo moyoni haiafikiani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Mtoto wa mama yetu, kwa alivyoeleza, ni wa namna hii ya pili.

Sasa tuchukue mizani. Wale waliosoma mantiki kwa walimu wetu wa zamani watakumbuka kitabu kidogo cha Isaghuji cha Athiruddin al-Abhari, mwanachuoni wa karne ya 13. Humo mwanafunzi hufundishwa kwamba kukifasili kitu ni kutaja jinsi yake, yaani kundi kubwa ambamo kimo, kisha kutaja kinachokipambanua na wenziwe kundini. Mwanadamu ni hayawani, hiyo ndiyo jinsi. Mwenye kufikiri, hicho ndicho kipambanuzi. Walimu wakaongeza sharti: fasili nzuri iwe yenye kukusanya na yenye kuzuia. Ikusanye kila kilicho chake na imzuie kila mgeni.

Tujaribu mizani hiyo. Mtu akisema, "Mwanamke ni yule anayezaa," fasili yake haikusanyi, kwa sababu inamwacha nje aliye tasa na bibi aliyekoma hedhi, na wote hao ni wanawake bila shaka. Akisema, "Mwanamke ni mwenye kuvaa vazi refu lisilo na miguu," fasili yake haizuii, kwa sababu wengi wetu tulioketi safu za mbele usiku huu na kanzu zetu tungeingia humo. Mnacheka, lakini ugumu huu ndio uliowachosha wenye akili kubwa.

Na mtazame neno lenyewe "jinsia". Limetoka kwenye "jins" ya Kiarabu, ile ile ya wanamantiki, na Waarabu waliipokea kutoka "genos" ya Kiyunani, yenye maana ya kizazi au aina. Neno la Kiingereza tunalolitamka "jenda" limetoka kwenye "genus" ya Kilatini, ambayo ni ya ukoo mmoja na hiyo ya Kiyunani. Kwa hiyo maneno haya mawili yanayogombaniwa ni ndugu wa mbali, na asili yao yote mawili ni "aina". Tunapouliza jinsia ya mtu tunauliza yeye ni wa aina gani, na ugomvi ni juu ya kinachoziunda aina hizo.

Sisi watu wa pwani na bara tunajua kwa mila zetu kwamba jambo hili lina tabaka zaidi ya moja. Mtoto wa kiume huzaliwa na maumbile yake, lakini katika jamii zetu nyingi hakuitwa mwanamume mpaka apite jandoni. Mtoto wa kike aliwekwa ndani akaitwa mwari, akakabidhiwa kungwi, akafundishwa, kisha akatolewa. Mwili ulikuwapo kabla ya unyago. Daraja ya kuitwa mwanamke ilitolewa na watu. Mfaransa Simone de Beauvoir alilieleza wazo linalofanana na hili katika kitabu chake cha mwaka 1949 kinachoitwa kwa Kifaransa Le Deuxième Sexe. Alisema kwamba uanamke, kama unavyoishiwa katika jamii, ni jambo ambalo mtu huliingia na kulelewa ndani yake, wala halikamiliki kwa kuzaliwa tu. Baadaye, tabibu wa Marekani Robert Stoller mwaka 1968, na mwanasosholojia wa Uingereza Ann Oakley mwaka 1972, waliyatenganisha maneno waziwazi: neno moja libaki kwa maumbile ya mwili, na jingine liwe la nafasi na mwenendo ambao jamii humpa mwenye mwili huo. Hilo la pili ndilo jenda.

Mpaka hapo tuna tabaka mbili, mwili na nafasi katika jamii. Katika miongo ya karibuni tabaka ya tatu imesimama peke yake, nayo ni namna mtu anavyojitambua mwenyewe. Wanafalsafa wa leo hutofautiana juu ya tabaka ipi iwe ndiyo maana ya neno. Tutataja kauli nne, na kwa kila moja tutaeleza nguvu yake na pingamizi lake.

Kauli ya kwanza inasema kwamba neno linafuata mwili. Mwanafalsafa Alex Byrne wa Marekani aliitetea katika makala ya mwaka 2020: mwanamke ni binadamu mzima mwenye maumbile ya kike, basi. Nguvu ya kauli hii ni kwamba ni fupi, inaafikiana na kamusi, na huwakusanya wanawake wa zama zote na wa mila zote, aliyezaa na asiyezaa, aliyenyenyekea na aliyetawala. Pingamizi la kwanza ni la huntha: miili yenyewe si mara zote inagawika kwa mstari ulionyooka. Pingamizi la pili ni kwamba katika maisha ya kila siku hatukagui miili ya watu; tunamwita mtu dada au kaka kwa uso, sauti, jina na mavazi. Watetezi wa kauli hii hujibu kwamba alama ya kukitambua kitu si kitu chenyewe. Dhahabu tunaitambua kwa rangi yake, na bado rangi siyo inayoifanya iwe dhahabu. Jibu hilo lina uzito, nasi tusilidharau.

Kauli ya pili inasema kwamba neno linafuata nafasi katika jamii. Sally Haslanger, naye wa Marekani, aliandika mwaka 2000 kwamba kabla ya kufasili ni lazima tujiulize: fasili hii tunaihitaji kwa kazi gani? Yeye alikuwa na kazi moja akilini, kuieleza na kuiondoa dhuluma. Hivyo akasema kwamba mwanamke ni yule ambaye jamii inamweka chini, katika mali, sheria au heshima, kwa sababu inamwona au inamdhania kuwa na mwili wa kike. Nguvu ya kauli hii ni kwamba inataja jambo la kweli: mabinti wengi wamenyimwa shule na urithi wao kwa sababu ya mwili wao. Pingamizi lake ni la aina mbili. Kwanza, malkia asiyedhulumiwa kwa lolote angekosa kuwa mwanamke, na hilo sikio linalikataa. Pili, fasili hii humtegemeza mtu kwenye macho ya wengine. Transjenda ambaye jamii haimwoni kuwa mwanamke angeachwa nje, hata kama yeye mwenyewe anaishi na kujitambua hivyo.

Kauli ya tatu ilizaliwa kutokana na pingamizi hilo. Katharine Jenkins wa Uingereza aliandika mwaka 2016 kwamba zipo maana mbili na zote zihesabiwe: jinsia kama tabaka ambamo jamii inamweka mtu, na jinsia kama utambulisho wa ndani. Utambulisho huo akaufananisha na ramani ambayo mtu huibeba moyoni. Kila jamii ina njia iliyowachorea wanawake na njia iliyowachorea wanaume. Mwenye ramani ya kike ni yule ambaye nafsi yake huisoma njia ya wanawake kuwa ndiyo inayomhusu, aifuate au aikatae. Nguvu ya kauli hii ni kwamba inaeleza kitu ambacho transjenda wengi hukisimulia, tena wengine tangu utotoni, nacho ni kuona kwamba amri na matarajio wanayopewa yameandikiwa mtu mwingine.

Pingamizi linalosikika sana dhidi ya kauli za utambulisho ni lile la mduara. Ukisema, "Mwanamke ni anayejitambua kuwa mwanamke," msikilizaji atauliza, "Anajitambua kuwa nini?" na ukimjibu utarudi ulikoanza. Wanamantiki wetu waliliita kosa hilo dauri. Inafaa tuwe waadilifu hapa. Kauli nyepesi ya barabarani huingia kwenye mduara huo. Kauli ya Jenkins inajaribu kuukwepa, kwa sababu ramani yake inaelekezwa kwenye tabaka iliyokwisha kuwapo katika jamii. Pingamizi linalobaki kwake ni jingine: wapo wanawake wengi wanaosema kwamba hawaoni ramani yoyote ndani yao, wanaona miili yao tu na maisha waliyopangiwa.

Kauli ya nne inasema kwamba neno moja lina matumizi mengi. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka mwaka 1953 baada ya kufa kwake, alionyesha kwamba baadhi ya maneno hayana kipambanuzi kimoja. Huunganisha vitu kama watu wa familia moja wanavyofanana: huyu ana pua ya yule, yule ana mwendo wa huyu, wala hakuna sura moja ya wote. Wapo wanaosema "mwanamke" ni neno la namna hiyo. Talia Mae Bettcher, mwanafalsafa ambaye mwenyewe ni transjenda, aliandika mwaka 2013 kwamba neno hili lina matumizi tofauti katika jumuiya tofauti, na kwamba matumizi ya jumuiya za transjenda ni matumizi kamili ya lugha, yasihesabiwe kuwa makosa ya kusahihishwa. Aliwahi pia kueleza kwamba mtu anapoisema nafsi yake, neno lake lina haki ya kupewa uzito. Hakusema kwamba mtu hawezi kukosea juu ya nafsi yake. Alisema kwamba kumsemea mtu moyo wake ni kumvunjia heshima.

Mwanamke mwingine wa fani hiyo, Jennifer Saul, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 2012 mahali panapouma katika kauli ya matumizi mengi. Ikiwa maana hubadilika kwa kila mazungumzo, anayemkubali transjenda atakuwa amesema kweli kwa maana yake, na anayemkataa naye atakuwa amesema kweli kwa maana yake. Amani hiyo ni rahisi mno, na haimridhishi yeyote kati yao, maana kila mmoja anaona kwamba kuna jambo la haki ambalo mwenzake analikosea.

Ndugu zetu, baada ya kauli hizi nne tunaomba mturuhusu kuwarudisha kwenye vitabu vya fikihi. Hatudai kwamba mafakihi walijibu swali la transjenda. Wao walizungumza juu ya huntha, na hukumu ya huntha haihamishiwi kwa asiye huntha bila ya dalili. Tunataka mtazame njia yao tu.

Walipompata mtu ambaye dalili za mwili wake zinapingana, wakamwita huntha mushkili, hawakusimamisha dini mpaka wapate fasili. Waliuliza: swali hili limeulizwa kwa ajili ya hukumu ipi? Katika sala ya jamaa walimpanga nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Katika mirathi, wenzetu wa madhehebu ya Maliki walimpa nusu ya jumla ya fungu la kiume na fungu la kike, na Mashafii wakampa kila mrithi kile kilicho cha yakini na kukizuia kilichobaki mpaka jambo lifafanuke. Katika kumwosha maiti waliweka masharti mengine tena. Mtu ni mmoja, na kila hukumu ikatazamwa kwa lengo lake. Na pale dalili zote za mwili ziliposhindwa kutoa jibu, Mashafii walimrudia yeye mwenyewe, akaulizwa maelekeo ya nafsi yake, na kauli yake ikapokelewa. Walifanya hivyo mwisho kabisa, tena kwa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni kwamba hawezi kuirudia kauli hiyo kuibadilisha. Lakini walikubali kwamba kuna jambo ambalo hakuna shahidi wake ila mwenyewe.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye Arubaini yake tumeisoma sote utotoni, aliweka tofauti nyingine alipowaeleza wanaume wenye mwenendo, sauti na mtikisiko wa kike. Yule aliyeumbwa hivyo, bila ya kujilazimisha, hana lawama wala dhambi kwa hilo. Lawama ni kwa anayejifanya kwa makusudi. Hiyo ni hukumu ya mwenendo, na haigusi kubadili mwili. Kuhusu kubadili mwili, Baraza la Fikihi la Makka mwaka 1989 lilisema kwamba upasuaji wa huntha kuondoa utata unaruhusiwa, na kwa aliyekamilika maumbile hauruhusiwi, na huo ndio msimamo wa wanazuoni wengi wa Kisunni. Huko Iran, wanazuoni wa Kishia walichukua njia ya kuuruhusu tangu zama za Ayatollah Khomeini. Tunayataja yote mawili ili ijulikane kwamba suala hili halikuletwa na vijana wetu kutoka kwenye simu zao. Wakubwa wa dini wamekwisha kulikalia vikao.

Njia hiyo ya kuuliza lengo kwanza mtaiona pia katika sheria za nchi hii tunayoishi. Mwaka 2004 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayomwezesha mtu mzima, kwa masharti ya kitabibu na ya muda, kupata cheti cha kutambuliwa katika jinsia nyingine. Sheria ilisema utambuzi huo ni kwa makusudio yote, kisha papo hapo ikaweka mipaka. Cheti hakibadilishi kwamba mtu ni baba au ni mama wa mtoto wake. Hakigeuzi urithi wa vyeo vya kilodi. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba mtu mwenye cheti cha kiume aliyemzaa mtoto kwa tumbo lake husajiliwa kuwa mama wa mtoto huyo. Na tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Upeo, kwa sauti moja ya majaji watano, iliamua kwamba neno "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 lina maana ya maumbile ya kuzaliwa. Majaji walieleza kwamba kazi yao ilikuwa kuifasiri sheria hiyo, wala hawakukusudia kuumaliza mjadala wa watu juu ya maana ya jinsia. Wakakumbusha pia kwamba transjenda wangali wanalindwa na sheria hiyo hiyo dhidi ya kubaguliwa na kusumbuliwa. Wapo walioshangilia uamuzi huo na wapo waliolia, na pande zote mbili wamo majirani zetu.

Nyumbani pia kesi za namna hii zimefika mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanaharakati transjenda, cheti chenye jina lake jipya na kisichokuwa na alama ya jinsia. Jaji hakuhitaji kuamua nani ni mwanamke duniani. Aliona kwamba cheti cha mtihani kinaeleza mtu alifaulu vipi, na kwamba kwa kazi hiyo alama ya jinsia haikuwa ya lazima.

Basi, tukusanye tuliyoyasema. Ndani ya ugomvi huu yamo maswali matatu, na makelele mengi hutokana na kujibu moja kwa jibu la lingine. Swali la kwanza ni la lugha: neno hili hutumikaje midomoni mwa watu? Hilo hujibiwa kwa kusikiliza, na jibu linaweza kuwa zaidi ya moja. Swali la pili ni la hukumu: kwa kazi hii mahususi, iwe safu ya sala, mirathi, wodi ya hospitali, mashindano ya mbio au cheti cha mtihani, tutumie kipimo gani na kwa nini? Hilo hujibiwa na wenye elimu ya kazi hiyo, na jibu la kazi moja halilazimishi jibu la nyingine. Swali la tatu ni la adabu: mtu huyu aliye mbele yangu anastahili nini kutoka kwangu? Swali hili la tatu halisubiri mawili ya kwanza yamalizike. Mafakihi hawakusema huntha mushkili asisalimiwe mpaka dalili zipatikane. Alikuwa na safu yake, alikuwa na fungu lake, na alipokufa alioshwa na kusaliwa.

Tunajua kwamba maneno haya hayatamtosha kila mtu. Kijana mmoja atasema kwamba kumheshimu bila ya kumwita kwa jina alilolichagua ni heshima nusu, na ana hoja, kwa kuwa tumeona uzito ambao baadhi ya wanafalsafa wanaupa usemi wa mtu juu ya nafsi yake. Mzee mmoja atasema kwamba tumelegeza, na kwamba neno likilegezwa leo, kesho hukumu nayo italegea. Naye ana hoja, kwa kuwa maneno ya sheria hubeba haki za watu wengine, wakiwemo wanawake wanaotafuta faragha na ulinzi. Tunawaomba wote wawili wakae katika chumba kimoja. Hatujawahi kumwona mtu aliyerudi nyumbani kwa sababu alishindwa katika mabishano.

Mama yetu uliyeandika karatasi, popote ulipoketi. Uliuliza umwambie nini. Hukuuliza fasili, na sisi tumekupa fasili nne na pingamizi zake. Tumefanya hivyo ili ujue kwamba swali linalomsumbua mwanao limewasumbua watu wenye elimu kubwa, na wao hawajaafikiana. Huna deni la kulitatua kabla ya futari ya kesho. Unaloliamini katika dini yako unaweza kubaki nalo, na mwanao anajua unaamini nini, umemlea wewe. Huenda asilolijua ni kama sahani yake bado inawekwa.

Mpigie simu. Mwite kwa neno ulilotuandikia, "mwanangu". Neno hilo halina upande, halihitaji cheti, na hakuna mahakama iliyoombwa kulifasiri. Mwambie futari ni saa ngapi. Ukimkuta ana maneno, msikilize mpaka amalize kabla ya kumjibu, na yale usiyoyajua mwambie huyajui. Na sisi wengine, siku atakaporudi msikitini, tusimkague machoni kama askari wa forodha. Tumjibu salamu yake, tumsogezee nafasi, na aliye na swali la hukumu alipeleke kwa wenye elimu kwa faragha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu na visimamo vyetu, azilainishe nyoyo za wazazi kwa watoto wao na nyoyo za watoto kwa wazazi wao, awahifadhi walio mbali na nyumba zao usiku huu, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.